Kiti cha Rubani na Ng'ombe wa Bartolomayo

Jumatano, 9 Agosti 1989

Mimi Seleman bin Rahimu, wa Majengo, Dodoma, ndiye mtu mweusi wa kwanza kurusha ndege ya vita katika nchi hii. Iandikwe.

Sawa. Sikuirusha. Niliipanda tu.

Sawa, na kuipanda kwenyewe niliipanda ikiwa imelala kifudifudi kule Zuzu, mwaka wa vita vya Hitla, pua imejichimbia mchangani kama nguruwe. Nilikuwa mlinzi wake. Siku tisa. Serikali ilinipa rungu na blanketi, nikalala chini ya bawa. Daftari hili ni langu peke yangu, kwa hiyo humu nasema kweli. Barazani ni mambo mengine.

Barazani mimi ni Rubani. Miaka arobaini na sita sasa. Waliozaliwa nikiwa tayari naitwa Rubani leo wana mvi. Balozi wa nyumba kumi ameniandika Rubani kwenye orodha yake ya sukari. Kuna watu watanizika bila kujua kama niliwahi kuitwa Seleman.

Leo saa nne akaja kijana wa ofisi ya utamaduni, Bwana Ulimboka. Mtu wa Tukuyu, suruali ya mitumba iliyopigwa pasi mpaka inataka kukata nyanya. Akanipa shikamoo mbili, moja ya kuingia na moja ya kukaa. Akasema kuna mzungu anakuja kutoka Ulaya anatafuta mabaki ya ndege moja ya zamani. Akaitaja jina mara tatu, refu kama treni ya mizigo, sikulishika hata behewa. Ile ya mabawa manne, mawili juu na mawili chini, yamebebana kama vitanda vya bweni. Kumbe dunia nzima zimebaki tatu tu! Moja iko kwenye jumba la makumbusho, ya pili imening'inizwa darini kama popo, na ya tatu ni ya huyo mzungu mwenyewe, anaiunga vipande vipande mwaka wa kumi na nane. Ameambiwa moja ilianguka huku kwetu. Na mjini wamemwambia Bwana Ulimboka: muulize Mzee Rubani, yeye ndiye aliyeiendesha.

Nikamwambia kijana umefika nyumbani. Mzungu anakuja Jumatatu ya tarehe 21.

Alipoondoka nikaingia jikoni. Mke wangu Mwanahawa alikuwa anasukuma chapati. Akauliza kama huyo mzungu anaijua hiyo ndege. Nikasema anaijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Akasema basi pole. Akaendelea kusukuma.


Alhamisi, 10 Agosti

Nimesugua kiti tangu asubuhi. Kiti chenyewe ni cha bati jepesi, mgongoni kina matundu matundu kama chujio la chai. Kiti cha rubani hasa. Ndicho ninachokalia barazani miaka yote. Makalio yangu na kiti hiki tumezoeana. Nilikichukua siku ya tatu ya ulinzi, maana siku ya pili nilipitiwa na usingizi wa mchana, kuamka vitambaa vya mabawa hakuna. Watu wa Zuzu! Walikuwa wamevua ndege nguo nikiwa chini yake. Nikaona kama kila mtu anachukua, mlinzi naye ana haki yake. Siku ya tisa lori la serikali likaja, likakuta injini na mbavu. Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, akauliza ndege iko wapi. Nikamwambia upepo. Huo wa Agosti, mkali sana huku. Akaandika upepo.

Mchana Bwana Ulimboka akarudi na picha ya moja ya zile zilizobaki. Nikaishika mbali, urefu wa mkono wote, maana miwani yangu binti yangu Salwa aliikalia siku ya Idi. Salwa ni mpiga chapa ofisi ya serikali, mtu mzima, ana mwili wake. Aliahidi kuipeleka kwa fundi. Huu mwezi wa pili. Ndiyo maana naandika herufi kubwa kama tangazo la mnada.

Picha imenitia homa. Viti ni viwili lakini kimoja mbele, kimoja nyuma! Mimi siku zote nasimulia tulikaa bega kwa bega na Mwingereza tunawashiana sigara. Itabidi niseme alikuwa ananipitishia kwa juu ya kichwa.

Halafu pigo. Bwana Ulimboka anasema mzungu viti si shida yake kubwa. Anatafuta kibati cha shaba chenye namba, kadiri ya kiganja. Anasema ndege bila kile kibati ni chuma chakavu, na kikiwepo kibati hata parafujo moja ina jina lake na baba yake. Akauliza kama nakikumbuka.

Nakikumbuka. Anacho Bartolomayo wa Zuzu. Kamvalisha ng'ombe.


Ijumaa, 11 Agosti

Baada ya sala nikachukua baiskeli mpaka Zuzu.

Bartolomayo ni Mgogo, mzee wa kanisa, mwaka ule alikuwa mchunga mbuzi. Ndiye mtu pekee aliye hai anayejua kwamba nililala. Hajawahi kusema. Lakini ni mtani wangu. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi, alipita huku na misafara ya pembe, na babu zake Bartolomayo waliwatoza hongo ya maji kila kisima. Tangu hapo ni watani, na utani una sheria. Mtani akishika kitu cha mtani wake akasema hiki changu, basi kimekwenda. Mwenye kitu hakasiriki wala haendi polisi. Atakikomboa kwa sharti atakalopewa. Ukikasirika umejivunjia heshima mpaka kwa wajukuu.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nifike, nishike kibati, niseme changu, nirudi kabla ya alasiri.

Alinipokea kwa kuniuliza kama babu yangu amelipa maji. Nikamwuliza kama ameoga tangu mvua za mwaka juzi. Tukasalimiana vizuri. Kibati nikakiona palepale, shingoni mwa ng'ombe jike mwekundu, kimetobolewa na kufungwa na parafujo ya ndege hiyohiyo ili kilie. Bartolomayo anasema kimetoka kwa bibi wa ng'ombe huyo, kikaenda kwa mama, kikafika kwa huyu. Ng'ombe anayekivaa ndiye anayeongoza wenzake kwenda majini na kurudi. Ni cheo.

Nikakishika. Nikatamka kwa sauti: hiki changu! Bartolomayo akaondoa kofia akasema ni chako, mtani, yeye hana neno lolote. Nimwombe mwenyewe aliyekivaa.

Mwenyewe alikataa. Nilizungushwa zizi lile mara mbili na nusu nikiwa nimeshika kamba kwa mikono miwili, kanzu imenifunika kichwa. Ile nusu niliimalizia kwa tumbo. Bartolomayo alicheka mpaka akakaa chini. Mkewe, Mama Ruthu, mama wa watu, akaniletea maji na maziwa ya mgando, akanifuta shavu, akauliza kwa upole kama rubani ametua salama.


Jumamosi, 12 Agosti

Ubavu unauma. Akili iko salama.

Kama kibati hakiji kwangu, nitazaa changu. Mzungu hajawahi kukiona, atajuaje? Nikachukua lile sinia dogo la shaba la Mwanahawa lililolala kabatini, nikaenda kwa Fahadi, fundi wa mabati na masufuria hapa Majengo. Mikono ya dhahabu, shule hakuona hata ukuta wake. Unampa mfano, anakutolea pacha. Nikamwambia akate kadiri ya kiganja, agonge namba. Akauliza namba gani. Hapo nikaona nitumie kitu cha serikali, chenye sura ya kiserikali. Nikabandua kile kibati cha leseni kwenye baiskeli yangu, nikamwambia fuata namba hizi hizi.

Jioni akanipa. Kazi safi! Nilikiinua juani kikawaka. Kusoma sikuweza, miwani nimeshasema. Lakini unaona kabisa kwa mbali hiki ni kitu cha vita.

Nimekizika kwenye majivu na ndimu kizeeke.


Jumapili, 13 Agosti

Mambo mawili.

La kwanza: Mwanahawa ametafuta sinia. Walikuja wageni, akawawekea vikombe juu ya mfuniko wa sufuria. Hakuniuliza. Alinitazama tu, akatazama kabati, akanitazama tena. Sinia lenyewe lilitoka kwao Mpwapwa siku ya harusi. Sikulikumbuka hilo mpaka nilipolikumbuka.

La pili: nimefungua daftari hili nikakuta pembeni ya Jumatano pameandikwa kwa penseli, mwandiko mzuri wa ofisini: "Siku tisa? Kwa mama unasema saba." Nimelihamishia daftari kwenye gunia la mkaa.


Jumanne, 15 Agosti

Siku mbaya. Naandika taratibu.

Barazani kulikuwa na watu kumi na kitu, kahawa inazunguka. Nilikuwa nafanya majaribio ya hadithi mpya, ile ya sigara kupita juu ya kichwa, na imeanza kukubalika. Nikainuka nionyeshe jinsi usukani ulivyokuwa ukivutwa. Nikageuka. Bartolomayo amekalia kiti changu.

Alikuja mjini kuuza uwele. Kumbe amesikia habari za mzungu. Akajinyoosha, akapiga bati kwa kofi, akasema mbele ya wote: hiki changu!

Baraza zima likapiga kelele. Wanajua sheria wote. Mimi nikacheka. Nilicheka vizuri sana, meno yote nje. Nikauliza sharti la kukomboa. Nilidhani atasema jogoo.

Akasema: "Mtani, sharti dogo. Simama mbele ya watu useme siku ile ndege iko Zuzu wewe ulikuwa unafanya nini."

Watu wakasema hilo si sharti, mbona kila siku anasema, sema Rubani! Bartolomayo akaniangalia usoni, pole pole, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nikasema leo koo limekauka.

Akajitwika kiti kichwani akaondoka kwa miguu kuelekea Zuzu. Tulimwona mpaka kwenye kona, matundu ya mgongo wa kiti yanapitisha jua. Nimekaa kwenye kreti la sabuni. Siku hizi sabuni zimejaa madukani, angalau kreti hazikosekani.

Bila kiti mimi ni mzee mmoja tu anayesimulia. Nikisema ile kweli, hata hadithi hakuna. Na mzungu anakuja Jumatatu.


Alhamisi, 17 Agosti

Sheria inakata pande mbili! Kwa nini sikufikiri mapema? Nikishika kitu cha Bartolomayo asichoweza kukikosa, tutabadilishana: chake kwake, changu kwangu, na hakuna mtu kusema lolote.

Nimekwenda Zuzu nikijua yeye yuko kwenye kikao cha kanisa. Nilimkuta Mama Ruthu anapepeta. Nikamweleza kwa adabu kwamba nimekuja kushika mali ya mumewe. Akafurahi sana. Akaleta fimbo yake, nikasema ndogo. Akaleta redio, nikasema haina betri. Akaleta koti jeusi la Jumapili, lile la kusomea neno mbele ya waumini. Nikasema hilo hasa, changu! Akaniambia nisiwe na haraka, kama naweza nimsubiri mwenyewe nimshike naye, maana anakoroma.

Koti ninalo. Linanifika magotini. Jumapili Bartolomayo atalia.


Jumapili, 20 Agosti

Hakulia. Habari zimefika mpaka sokoni: amekwenda kanisani na shuka la kuchungia, akasoma neno kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Akina mama wamesema amependeza, hajapata kupendeza hivyo. Amenitumia salamu kwamba koti nikae nalo, na upande wa kushoto mfuko umetoboka.

Kesho.

Mwanahawa amepiga pasi kanzu yangu bila kuombwa. Nilimwambia kama mambo yatakwenda vibaya nitahamia kwa ndugu zangu Tabora. Akasema yeye hakuolewa na rubani. Mwaka ule aliolewa na kijana wa rungu, na alijua. Akasema pia kwamba kijana yule hakuwa na haja ya sinia la mtu.

Sikulala mchana, na mimi mchana hulala.


Jumatatu, 21 Agosti

Naandika yote kabla hayajabadilika kichwani.

Mzungu anaitwa Bwana Denisi. Mrefu, mwembamba, masikio mekundu kwa jua, anazungumza taratibu kama mtu aliye mbele ya mgonjwa. Alivua kofia kwa Mwanahawa. Baraza lilijaa mpaka barabarani. Bwana Ulimboka katikati anatafsiri.

Nikasimulia. Kuruka, mawingu, sigara. Bwana Denisi anasikiliza, anatikisa kichwa, anaandika. Akauliza swali moja tu: tulipokuwa juu, tulikuwa tunasikilizana vipi, maana ndege ile iko wazi, injini na upepo vinafunika sauti yote. Nikasema tulipiga kelele. Akauliza, na kiberiti? Kiliwakaje kwenye upepo huo? Watu wakanigeukia. Miaka arobaini na sita hakuna mtu wa Majengo aliyewahi kuuliza kuhusu kiberiti.

Nikaona wakati wa kibati umefika. Nikakitoa kwenye kitambaa.

Bwana Denisi akakipokea kwa mikono miwili. Kama mtu anayepokea mtoto mchanga, masikini! Nikajisikia vibaya kidogo. Akakisogeza machoni. Akakigeuza. Akamwuliza Bwana Ulimboka kitu kwa sauti ya chini. Bwana Ulimboka akasoma, akafunga macho, akafungua. Akaniambia Mzee, mgeni anauliza kwa nini ndege hii ya kijeshi imeandikwa LESENI YA BAISKELI, MJI WA DODOMA.

Fahadi! Alifuata kila kitu! Mpaka tundu la msumari!

Baraza halikucheka. Hilo ndilo lililoniumiza. Kila mtu akatazama kikombe chake. Nikasema haraka kwamba kibati chenyewe kiko Zuzu. Twendeni Zuzu. Nilitaka tu kuondoka pale. Tukaingia kwenye Land Rover, na nusu ya baraza ikaning'inia nyuma.

Bartolomayo alikuwa amekaa uani, kwenye kiti changu, amejifunga shuka lake. Bwana Denisi akakitambua kiti kabla gari halijasimama. Alishuka likitembea. Alipiga magoti mchangani akakipapasa matundu moja moja, na Bartolomayo bado amekikalia.

Halafu Bwana Denisi akainua macho, akanionyesha kidole, akamwuliza Bartolomayo kupitia Bwana Ulimboka: huyu mzee mwenzako, yeye siku ile alikuwa nani hasa?

Watu wote wa Majengo wako pale, na wa Zuzu wamejazana. Bartolomayo akanitazama. Nami nikamtazama. Nikasema moyoni haya, sema. Umesubiri mno.

Akasema: "Huyu? Huyu ndiye aliyeiangusha."

Akaeleza. Kwamba mimi, Seleman, kijana mwenye nguvu, niliitungua kwa kombeo. Jiwe moja. Nilikuwa nimeudhika kwa sababu inatisha ng'ombe.

Mtu anayejua utani wetu angecheka. Lakini Bwana Ulimboka ni mtu wa Tukuyu na ni mtu wa ofisi. Akatafsiri neno kwa neno. Bwana Denisi akaandika. Aliandika! Kwenye kitabu chenye jalada gumu! Akauliza jina langu kamili na mwaka wa kuzaliwa. Kisha akasema kwa upole kwamba kule kwao faili la ndege hii halijafungwa mpaka leo, sababu ya kuanguka haijulikani, na sasa atawapelekea.

Nikawaona askari. Nikaliona lile lori la serikali linarudi safari hii kunichukua mimi. Nikajiona nasimama mbele ya majaji wa nywele za bandia nikidaiwa ndege nzima pamoja na mafuta yake!

Nikapiga kelele. Nilisema yote, kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo. Kwamba sikuiangusha, wala sikuirusha, wala sikuipanda ila ikiwa chini. Mlinzi! Rungu na blanketi! Nililala mchana kutwa, wakachukua vitambaa, wakachukua tangi, wakachukua kamba na magurudumu, mimi nakoroma, na kiti nilikiiba mwenyewe, na upepo haukuchukua hata msumari, Bwana Shauri nilimdanganya, Mungu anisamehe!

Nikaishiwa pumzi.

Bartolomayo akainuka. Akapangusa kiti kwa pembe ya shuka lake, akakiweka mbele yangu. Akasema: "Kimekombolewa. Kaa, mtani."

Nikakaa. Hapo ndipo watu walipocheka. Walicheka Majengo na Zuzu pamoja, na mimi nilicheka nao, kwa kweli safari hii. Bwana Ulimboka alipoelezwa kwamba sisi ni watani alipata aibu, akakata ile mistari kitabuni kwa mkono wake. Bwana Denisi alielezwa mara mbili. Ya pili ndiyo iliyomwingia, akacheka akiwa peke yake, wengine wameshamaliza.

Kibati cha kweli alikivua Bartolomayo. Alimwita ng'ombe kwa mluzi, akaja mwenyewe, akainamisha shingo kama mtoto anayevuliwa shati. Yule yule aliyenitembeza kwa tumbo! Bwana Denisi akalinganisha namba na karatasi zake. Akalinganisha tena. Kisha akamwuliza Bartolomayo angependa nini. Bartolomayo akasema ng'ombe wake hawezi kurudi kwa wenzake shingo tupu. Bwana Denisi akafungua kengele iliyokuwa kwenye funguo za gari, ndogo, ya kichezeo. Ng'ombe akaitikisa, akaonekana anafikiria.

Halafu Bwana Denisi akanigeukia mimi kuhusu kiti. Alisema hanilazimishi. Kitarudi mahali pake, ndani ya ndege iliyo hai, ile yake, mojawapo ya zile tatu, nyuma ya kibati chake. Na pembeni wataandika majina ya waliokitunza.

Nilikaa kidogo zaidi. Kiti kilikuwa na joto, sijui la Bartolomayo au langu.

Nikasema chukua. Nikamwambia waandike "Seleman bin Rahimu, mlinzi". Bartolomayo akamwambia Bwana Ulimboka aongeze: "Alilala." Nikakubali. Ni kweli.


Jumanne, 22 Agosti

Nimerudisha koti. Nimeshona mfuko.

Fahadi amekichukua kile kibati alichokigonga na vipande vilivyobaki vya sinia, ameviyeyusha na shaba nyingine, ametoa sinia jipya, dogo zaidi. Nimempa Mwanahawa. Ameligeuza, amelitazama chini, akauliza kama nalo lina leseni. Lakini amelitumia.

Barazani leo wameniita Seleman. Mtu wa kwanza alipoita sikugeuka, sikujua ni mimi. Nimepata amani kubwa. Nimejifunza kwamba kweli haiui mtu. Sitadanganya tena kamwe.


Jumamosi, 26 Agosti

Leo alipita mwanachuo mgeni, kijana msikivu, amenunua kahawa. Akauliza kwa nini mzee mmoja ananiita Rubani wa zamani. Kreti la sabuni ni fupi, lakini nikajiinua.

Nikamwambia urubani ni hadithi za watoto, tumeziacha. Kweli ni kwamba mimi ndiye niliyeiangusha. Kombeo. Jiwe moja. Akauliza ilikuwa juu kiasi gani. Nikasema nisitie chumvi, juu ya mnara wa kanisa kidogo tu. Jioni watoto wawili wamepita wananiita Mtungua Ndege. Si jina baya. Lina uzito kuliko lile la kwanza.

Na kuna jambo. Dalali mmoja wa mahindi wa Kibaigwa alikuwepo. Anasema kule nyuma ya soko kuna banda la kuku, paa lake ni bati la ajabu, jepesi, limejaa ribiti, misumari ile ya vichwa bapa, mstari kwa mstari. Labda ni tela la lori. Lakini ribiti ni ribiti. Bwana Denisi anasema zimebaki tatu. Nani amezihesabu? Ikiwa ya nne iko Kibaigwa, na mimi ndiye niliyeiangusha, au kuirusha, tutaona ipi inafaa, basi itahitaji mtu wa kuongoza msafara, na kiti.

Salwa, najua unasoma. Gunia la mkaa halikukuzuia, alama zako za vidole nimeziona hata bila miwani. Ndiyo, siku tisa, na mama yako alijua. Sasa sikiliza, mwanangu. Miwani uliikalia wewe, mama nikamwambia nimeikalia mimi. Nakudai. Kesho kutwa ukifika ofisini nipigie chapa barua moja, ukurasa mmoja tu, kwa Bwana Denisi, na nakala ya kaboni nibaki nayo. Uanze kwa kumsalimu. Na pale chini, kabla ya jina langu, uache nafasi pana kidogo. Cheo nitakijaza mwenyewe.